Mstari Uliopita Kati ya Majengo Yetu

Mama Mkubwa alikuwa akiniletea barua zake siku ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi sikuwa na zamu. Alizibeba ndani ya mfuko wa plastiki, zote bado zimefungwa, na kabla hajaketi alizimwaga juu ya meza yangu ya jikoni kama mtu anayemwaga dagaa wa kuchambuliwa.

"Haya mwanangu, nisomee. Tuone leo Waswidi wanataka nini."

Hakuwa mama yangu mkubwa kwa damu. Yeye alikuwa Mrundi wa Rumonge, mimi Mkongomani wa Uvira. Tumekunywa maji ya ziwa moja, kila mtu upande wake, tukaja kukutana Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, kule treni inakofika mwisho na dereva anashuka kwenda upande wa pili. Alikuwa amekaa miaka mingi kambini Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na kila niliposema "minafika" aliinua kidole: "Ninafika." Mwanawe wa kiume ndiye aliyemleta Stockholm, mwaka 2002. Kijana alifanya kazi uwanja wa ndege, zamu za alfajiri na za jioni, nyumbani alikuja kulala tu. Wajukuu walimjibu bibi yao kwa Kiswidi. Akiwapa barua waliipitishia macho, wakasema si kitu, Bibi, wakarudi kwenye michezo yao. Hivyo kazi ya barua ikawa yangu, na niliipenda. Mama yangu mzazi nilimwacha kaburini Uvira, na sikuwa nimepata mtu mwingine wa kunikosoa.

Jengo lake lilikuwa upande wa pili wa kijia cha miguu. Nikisimama dirishani niliona taa ya jikoni kwake.

Mwaka 2006, mwishoni mwa Agosti, kati ya barua za hospitali na za kampuni ya umeme ilikuwamo kadi ya kura. Nilimweleza kwamba sheria ya hapa inamruhusu mgeni aliyekaa miaka mitatu kupiga kura ya baraza la jiji na ya baraza la mkoa. Ya bunge hapana, hiyo ni ya raia. Aliichukua kadi mkononi mwangu.

"Kwetu nilipiga mara moja," akasema. "Tulipanga foleni tangu asubuhi, tukiimba. Mwaka haujaisha nilikuwa nimevuka kwenda Kigoma na watoto wawili badala ya wanne." Akaigeuza kadi, akaitazama nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Hapa, baada ya kura, watu wanakimbilia wapi?"

"Hawakimbii, Mama Mkubwa. Wanakwenda nyumbani kutazama televisheni."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema atapiga.

Katika wiki zile madiwani walisimama kwenye uwanja mdogo mbele ya kituo cha treni, kila chama na kibanda chake, wakigawa kahawa. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mwenye koti la mvua hata jua likiwaka, aliyeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Mama Mkubwa alinivuta mkono tukamwendea. Akamwambia, mimi nikitafsiri, kwamba ngazi za kutoka uwanjani kupanda kwenye majengo yetu hazina pa kushika upande wa kushoto, na kwamba wakati wa barafu wazee wanashuka kwa makalio kama watoto. Diwani alitoa daftari akaandika. Tulipoondoka Mama Mkubwa alisema, "Kuandika wanaandika wote," lakini alinitaka nimwonyeshe jina la mtu yule kwenye karatasi ya kura, na nyumbani akafanya mazoezi ya kuweka alama ya msalaba kando ya jina kwa penseli ya mjukuu.

Siku yenyewe nilimpeleka mimi, katika ukumbi wa mazoezi wa shule iliyo nyuma ya jengo langu. Alivaa nguo zake za kanisani. Alikaa nyuma ya kile kizuizi cha karatasi ngumu muda mrefu kiasi kwamba mama mmoja wa Kiswidi aliniuliza kama ndugu yangu ameugua. Alipotoka alikuwa ameshika bahasha zake mbili kwa vidole vya mikono yote miwili, kama sahani iliyojaa mchuzi.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mafundi walikuja wakafunga bomba la kushika kwenye ngazi, upande wa kushoto. Labda lilikuwa limepangwa tangu zamani. Mama Mkubwa hakutaka kusikia hayo. Kila mgeni aliyemtembelea alipelekwa kuliona.

Miaka minne ilipita. Mimi nilihama kutoka kazi ya kuosha wazee majumbani kwao nikawa mpanga zamu, na siku hizo nilivaa kadi yenye picha shingoni. Kiswidi changu kilikaa sawa. Nilipata uraia. Kiangazi cha 2010 niliona tangazo la kutafuta wapokea kura, watu wa kukaa vituoni siku ya uchaguzi, na walisema waziwazi kwamba wanaojua lugha nyingi wanakaribishwa. Niliandika: Kiswahili, Kifaransa, Kirundi kidogo. Walinijibu ndani ya wiki moja, nami nikaisoma barua ile mara tatu, kisha nikaenda kumsomea Mama Mkubwa.

"Sasa wewe ni serikali," akasema.

"Hapana, Mama Mkubwa. Nakaa mezani tu."

"Serikali yote inakaa mezani," akasema, akanipigia vigelegele viwili vya chini kwa sababu ya majirani.

Mafunzo yalikuwa siku ya Jumanne. Mwalimu alionyesha ramani ukutani. Alieleza kwamba maeneo ya kupigia kura huchorwa upya watu wakiongezeka, na huku kwetu nyumba mpya zilikuwa zimejengwa, shule yetu ikaelemewa. Baraza la jiji lilipendekeza mipaka mipya, mkoa ukaipitisha. Mstari mwekundu ulishuka kutoka barabara kubwa, ukafuata kijia chetu cha miguu, ukapita katikati ya majengo. Upande wangu ulibaki na shule ile ya nyuma. Upande wa pili ulipelekwa shule nyingine, ng'ambo ya msitu mdogo, mwendo wa dakika kumi. Mwalimu alisema, "Waambieni watu wasome kadi zao vizuri, wasitegemee mazoea." Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Niliuona mstari ule kwa macho yangu na kuandika maneno yake kwenye kijitabu.

Alhamisi, siku mbili baadaye, Mama Mkubwa alikuja na mfuko wake. Nakumbuka chai ilikuwa inachemka na tulikuwa katikati ya mazungumzo kuhusu harusi moja ya mtaa wa Fittja ambayo bwana harusi alichelewa saa tatu. Kadi ilikuwa ya nne au ya tano katika lundo. Niliishika, nikaona rangi yake, nikamrudishia.

"Hii unaijua, Mama Mkubwa. Ni ya kura. Ni pale pale, kama mara ile."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Njoo kwenye meza yangu."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Jina la shule lilikuwa limechapishwa kwenye kadi ile kwa herufi ambazo ningeweza kuzisoma bila miwani.

Jumapili ya kura nilifika saa moja asubuhi. Mwenyekiti wa kituo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za kijivu, mpole, aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi. Alinipa kazi ya kushika orodha ya wapiga kura: mtu anatoa kitambulisho, mimi natafuta jina, naweka alama, mwenyekiti anatumbukiza bahasha kwenye sanduku. Mpaka saa sita nilikuwa nimezoea, na mwenyekiti aliniambia mbele ya wenzangu kwamba naongea Kiswidi kizuri ajabu. Niliona haya kidogo na kufurahi zaidi ya kidogo.

Mama Mkubwa alikuja baada ya ibada, kama saa nane mchana. Nilimwona tangu mlangoni. Amevaa kitenge cha bluu na koti la mwanawe juu yake, maana upepo ulikuwa mkali. Foleni ilikuwa ndefu, ikamchukua robo saa. Alinipungia mkono. Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yake, mzee wa Kiswidi mwenye fimbo, akaninyooshea kidole na kutumia maneno mawili kati ya yale machache aliyoyajua ya lugha ile: "Min dotter." Binti yangu. Yule mzee akanitazama na kuinamisha kichwa kwa heshima.

Alipofika mezani alitoa kitambulisho, kadi ya kura na bahasha zake mbili, zimeshafungwa. Nilifungua orodha kwenye herufi yake. Nikashusha kidole. Nikarudi juu, nikashusha tena. Kabla kidole hakijafika chini mara ya pili nilikuwa nimejua. Nilikumbuka ramani, nikakumbuka chai, nikakumbuka kadi.

Ningeweza kusema, "Mama Mkubwa, nisamehe, nimekosea mimi." Ni maneno machache. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, kando yangu mwenyekiti, na wenzangu wawili waliosikia sifa zangu asubuhi. Basi nikasema, kwa Kiswidi, kwa ile sauti ninayotumia kazini ndugu wa mgonjwa wakipiga simu kulalamika: "Ni står inte i den här röstlängden." Hamumo katika orodha hii. Waswidi wote huitana "wewe". Ile "ninyi" niliyoichagua hutumiwa kwa mtu usiyemjua kabisa.

Aliniinamia. "Unasemaje, mwanangu?"

Nikarudia, kwa Kiswidi tena, polepole. Nikagonga kadi yake kwa kalamu, mahali palipoandikwa jina la shule ya pili. Nikasema ni wajibu wa mpiga kura kusoma kadi yake.

Mwenyekiti alinigusa kiwiko. "Unaweza kumweleza kwa lugha yenu," akasema, kwa wema kabisa. "Ndiyo maana tumekuita."

"Haihitajiki," nikamjibu. "Ameelewa."

Na kweli alikuwa ameelewa. Hakuelewa maneno, lakini aliinua macho kutoka kwenye kadi, akanitazama, na uso wake ukawa uso ule ambao nimeuona kwa watu waliokaa sana makambini, wanapoambiwa dirishani kwamba jina halimo na gari la chakula limeshafungwa. Hakubishana. Aliokota kitambulisho na kadi, akaokota bahasha moja, kisha ya pili, akaziweka kwenye mfuko wa koti la mwanawe. Akamwomba radhi yule mzee mwenye fimbo kwa kumchelewesha. Akatoka.

Saa tisa na nusu nilipewa mapumziko ya nusu saa. Shule ya pili ilikuwa dakika kumi. Ningeweza kwenda nyumbani kwake, nimshike mkono, tupite msituni, nimfikishe mlangoni, nirudi. Ningekuwa nimechelewa dakika chache tu, na mwenyekiti yule asingesema neno. Nilikaa kwenye chumba cha walimu, nikala mkate wenye jibini, nikajiambia kwamba mwanawe atampeleka. Nilijua kwamba mwanawe alikuwa kazini.

Diwani wa koti la mvua hakurudi barazani mwaka ule. Chama chake kilikuwa kimemshusha chini kwenye orodha yake, akategemea watu waweke alama kando ya jina lake, na alama hazikutosha. Sisemi ni kwa ajili ya kura moja. Hesabu haziendi hivyo, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kunisahihisha. Mahali pake alikaa msichana msomi aliyeishi katikati ya jiji, ambaye nilimwona mara moja Hagsätra, akiuliza njia.

Jumatatu alasiri nilikwenda kwa Mama Mkubwa na mandazi. Alinipokea vizuri. Alinitengea kiti, akamimina chai, akauliza habari za miguu yangu baada ya kukaa siku nzima. Tulizungumza kuhusu ibada. Mwishowe nikauliza, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, kama alipata nafasi ya kwenda ile shule nyingine.

"Sikwenda."

"Kumbe. Ilikuwa karibu, Mama Mkubwa."

"Ndiyo, nimeambiwa." Akasogeza kikombe chake. "Mwanangu, nikuulize. Yule aliyenisemesha Kiswidi pale mezani, alikuwa nani?"

Nilicheka. Mpaka leo nausikia ule mcheko. Nikasema, "Ah, Mama Mkubwa, ni sheria za kazi, bwana. Pale mtu hawezi kuongea anavyotaka." Ulikuwa uongo, na yeye alikuwa amesimama pale wakati mwenyekiti ananigusa kiwiko. Alitikisa kichwa taratibu, akanisukumia sahani ya mandazi niliyoyaleta mwenyewe.

Alhamisi ile hakuja. Wala iliyofuata. Nilifikiri ni mafua. Baada ya mwezi nikasikia kanisani kwamba kuna msichana wa Kinyarwanda, mwanafunzi wa uuguzi, anayemsomea barua. Hakuna ugomvi uliotokea. Tukikutana kwenye kijia alinisalimu, alinishika mikono yote miwili, aliuliza habari za kazi. Ila hakuniita mwanangu tena. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu, kama anavyomwita kila mtu.

Majira ya baridi yale nilikutana na diwani wa zamani dukani, foleni ya malipo. Alikuwa amerudi kufundisha hesabu siku zote tano. Alinikumbuka, akauliza habari za yule mama wa ngazi. Nikamwambia yuko salama. Sijui nini kilinisukuma nikaongeza kwamba hakupiga kura, kwamba mpaka ulihamishwa akapotea njia.

Aliweka kikapu chake chini. "Mpaka ule niliunyooshea mkono mimi," akasema. "Barazani. Ilikuwa ajenda ya mwisho kabla ya chakula. Kwenye ramani kijia kilionekana kama mahali safi pa kukata. Sikuuliza nani anatembea juu yake." Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Mwambie nasikitika."

Nilisema nitamwambia. Hapo, kati ya maziwa na mkate, mtu ambaye kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu aliliungama mara moja kwa mtu asiyemjua vizuri, na mimi nikazipokea salamu zake. Sikuzipeleka.

Mwaka 2011 mwanawe alipata nyumba Upplands Väsby, karibu na kazi yake ya uwanja wa ndege, wakahama wote. Niliwasaidia kubeba maboksi. Nilimwahidi Mama Mkubwa kwamba nitakuja kila mwezi. Nilikwenda baada ya mwaka na nusu, mwishoni mwa 2012, siku ya theluji laini, nikabadilisha treni mjini na kukaa dirishani nikipanga maneno. Niliyapanga kwa Kiswahili chake, si changu, nisije nikakosolewa.

Nilimkuta amekonda, amejifunika shali mbili, lakini macho ni yale yale. Wajukuu walikuwa shuleni. Nilimweleza yote bila kukaa sawa kwenye kiti: ramani ya Jumanne, kadi ya Alhamisi, jinsi nilivyoona rangi tu nikamrudishia, jinsi nilivyojua pale pale mezani. Nilimwambia hakuna sheria iliyonizuia. Nilimwambia nilikuwa na nusu saa nikala mkate. Nilimpa na salamu za diwani, zilizokuwa zimekaa kwangu karibu miaka miwili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nje mtu alikuwa anakwangua theluji kwenye kioo cha gari.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "tungecheka. Ningekuita mpumbavu, tungekwenda wote huko msituni, ningepiga kura yangu, tungerudi tukicheka." Akafunga shali. "Sasa unaniletea habari hii leo. Niiweke wapi?"

Nikasema, "Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Nimekusamehe, wewe ni mtoto wa watu." Akainuka kwa shida, akaenda kuangalia maharage jikoni. Kutoka kule akaniuliza kama bado nafanya kazi ya kupanga zamu, na kama ni kweli Hagsätra duka la mkate limefungwa. Nikamjibu. Tukala. Yalikuwa maharage mazuri, yenye mawese, na tulizungumza mambo mengi, yote ya kweli na yote mepesi. Saa kumi giza lilikuwa limeshaingia, akamwambia mjukuu aliyerudi kutoka shuleni anisindikize kituoni. Mjukuu alitembea mbele yangu akisikiliza muziki.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya uchaguzi mwingine, kwa moyo. Mazishi yalikuwa huko huko Väsby, watu walijaa, Warundi na Wanyarwanda na sisi wa Uvira, na kila mtu aliongea Kiswahili chake. Msichana yule wa uuguzi ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na alisoma vizuri sana. Mimi nilikaa upande wa wageni.

Niliporudi nilikuta barua sakafuni chini ya tundu la barua la mlangoni. Walikuwa wakiuliza kama niko tayari kuwa mpokea kura tena mwaka ujao, kituo kile kile, wakitaja kwamba lugha zangu ziliwafaa. Niliisoma yote, neno kwa neno, kuanzia juu mpaka chini, pamoja na jina la shule. Kisha nikawaandikia kwamba sitaweza.